Binamu Alivyozikwa Bila Utani

Kabla ya kumpima marehemu, pima mlango.

Naanzia hapo kwa sababu nyie vijana mnaojifunza useremala siku hizi mna futi za chuma na misumeno ya umeme, lakini sioni anayewaambia habari za mlango. Ukifika msibani watu watakupeleka moja kwa moja chumbani, watafunua shuka, kisha watasimama wanakutazama wewe na kamba yako. Macho yale yanasahaulisha. Jeneza langu la kwanza, lile nililotengeneza bila kusimamiwa, liliingia nyumba moja kule Ilembo likiwa tupu, tukalipitisha kwa ubavu. Kutoka halikutoka, maana sasa lilikuwa na mtu ndani, na mtu huwezi kumlaza ubavu kama kabati. Ikabidi ning'oe fremu ya mlango kwa tindo, huku akina mama wanaimba na kunitazama kwa pembe ya jicho.

Fundi Sadala, aliyenifundisha kazi, alikuwa amesimama uani na kofia yake mkononi. Tukarudi karakanani. Akakaa kwenye gogo, akavua viatu, akauliza taratibu:

"Luka, ni marehemu aliyekataa kutoka, au ni wewe uliyemzuia?"

Karakana yetu ilikuwa Kashaulili, mjini Mpanda, nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye dirisha moja upande wa magharibi. Nikiikumbuka miaka ile ya tisini haiji kwa mpangilio. Inakuja kama vumbi la mbao lilivyokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha lile jioni, chembe moja huku, nyingine kule, na ukinyoosha mkono hushiki hata moja. Kiangazi watu walichoma pori pande zote za mji, moshi ukashuka mpaka mitaani, jua likawa jekundu na dogo, unalitazama bila kuumia macho. Siku kama hizo hata sauti ya treni ikiingia stesheni ilionekana kutoka mbali sana, kama inaingia mji mwingine. Mpaka leo nikinusa mninga uliotoka kupigwa randa naona wale watu wote wako hai na wanakuja karakanani.

Fundi Sadala alikuwa Mwislamu. Kwao jeneza ni moja tu, la msikiti, linampeleka mtu na kurudi. Mimi na wateja wetu wengi tulikuwa Wakristo. Alikuwa akiniambia, "Jeneza letu sisi linarudi, likilegea tunalikaza. Lenu nyie haliji tena. Kwa hiyo kosa lako litakaa chini huko na mwenyewe, wala hatapata nafasi ya kukulalamikia. Umwogope mteja wa namna hiyo."

Alinifundisha mambo ambayo nawaachia nyie. Mabega ndiyo yanayoamua, siyo urefu. Mbao mbichi usitumie hata ukiharakishwa, zitapasuka kabla maiti haijafika kanisani. Chini ya sanduku pigilia vipande viwili vya kukingama, ili likikaa shimoni kamba ziwe na upenyo wa kuvutwa zitoke. Bila hivyo utaziacha kamba za watu huko chini, nao watazidai. Na kifuniko funga kwa skrubu, usipige misumari msibani. Kila pigo la nyundo linampata mfiwa.

Lakini sikuanza kuandika ili niwasifie skrubu. Nataka kumsema mtu.

Aliitwa Kasonso. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na kwa sababu mimi nilimwita Binamu tangu utotoni, mji mzima ulimwita Binamu. Hata watoto ambao babu zao hawakuwahi kukutana na babu zetu, hata Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wote walisema "Binamu yuko wapi?" mtu akifa. Alikuwa mchimba makaburi. Si kwamba aliajiriwa. Alikuwa na shamba lake la mihogo Ilembo na aliishi kwa hilo. Ila akisikia kilio, alichukua sururu na koleo akaondoka, bila kuuliza ni dini gani wala kabila gani. Alitaka maji ya kunawa na chakula cha kushiba, basi. Na alishiba kweli kweli.

Ardhi aliisoma kwa kisigino. Angetembea makaburini anakanyaga, tuk, tuk, kisha angesema, "Hapa pana jiwe, hatulali. Hapa palikuwa kichuguu, patatitia. Hapa." Akisema hapa, ni hapo.

Mimi na yeye tulifanya kazi hivi. Nikishampima marehemu na kukata mbao, nilikata ufito wa urefu wa sanduku, nikaufunga kamba ya gome mahali pa kuonyesha upana wa mabega, nikampelekea Binamu. Yeye aliulaza ufito ule chini, akachora, akaongeza kiganja kila upande, akaanza. Sanduku langu halikuwahi kukwama kwenye shimo lake hata siku moja. Sikuwahi kwenda kukagua, wala yeye hakuja kuniuliza.

Alikuja kwa sababu nyingine. Kwetu Wakonongo, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Wanatukanana mbele za watu, wananyang'anyana kofia, na hakuna anayekasirika. Basi kesho yake baada ya mazishi angesimama mlangoni mwa karakana, udongo mwekundu umemkauka magotini.

"Fundi, lile sanduku la jana lilikuwa limepinda. Ikabidi nipinde na shimo."

"Afadhali sanduku langu. Shimo lako hata mhanga anayelala mashimoni angelikataa."

"Mhanga ni ndugu yako, anafanana na wewe pua."

"Na wewe punguza kula misibani, Binamu. Mdomo huo utaniharibia vipimo. Nitahitaji mbao ya ziada kwa ajili ya mdomo peke yake."

"Usihangaike. Wewe nitakuzika umesimama, usimalize ardhi ya watu."

Fundi Sadala alikuwa akicheka mpaka anaweka randa chini.

Lakini utani si wa karakanani tu. Mtu akifa, mtani aliyebaki ana kazi. Anatakiwa amseme marehemu hadharani: uchoyo wake, ulafi wake, miguu yake mibaya, mpaka wafiwa wacheke. Wazee walisema mtu asiyesemwa na mtani wake anaondoka kama mgeni ambaye mwenyeji hakumsindikiza hata hatua mbili. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na katika ujana wangu niliyachukulia mambo hayo kama ushamba mtamu. Mpaka baba yangu alipofariki.

Siku ile ya baba, sanduku lilikuwa tayari ukingoni, katekista ameshafungua kitabu, Binamu akaruka ndani ya kaburi alilolichimba mwenyewe, akalala chali, akaweka mikono kifuani.

"Sitoki!" alisema. "Mjomba huyu alininyima jogoo wake mweupe nilipokuwa mdogo. Alisema jogoo yule si wa kuliwa, ni wa kuamsha watu. Basi na kaburi hili si la kuzikwa mtu, ni la kulalia. Aende akaamshwe na jogoo wake!"

Mama yangu, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu baba akate roho, aliguna, halafu akacheka. Alicheka na kulia pamoja, na mimi nikasikia kitu kifuani kimeachia, kama bolti iliyoshika kutu inavyoachia ghafla ukaangukia nyuma. Ikabidi tumwahidi Binamu kuku ndipo akubali kutoka. Alipopanda juu alinishika bega na mkono wake wenye udongo, akaninong'oneza, "Sasa mzike baba yako." Tukamzika.

Ndiyo maana nasema nilijua. Hakuna mtu Mpanda aliyejua kuliko mimi kazi ya mtani ni nini.

Binamu aliugua kifua mwisho wa kiangazi, wakati miombo inatoa majani mapya mekundu na joto linakaa juu ya mabati mchana kutwa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Nikamwambia afadhali apone maana kwa wembamba ule nitamtengenezea filimbi, siyo sanduku. Alicheka, akakohoa, mkewe Mama Vero akanifukuza kwa ufagio. Siku chache baadaye mchungaji mmoja wa Kisukuma, Mzee Shija, jirani wa Binamu kule Ilembo, alikuja karakanani bila ng'ombe na bila fimbo. Nilipomwona hana fimbo nilijua.

Nilitumia mbao zangu nzuri kuliko zote, mninga nilioukausha kwa muda mrefu kwa ajili ya mlango wa nyumba yangu. Nilipiga randa mpaka unajiona. Nilikuwa kama mtu anayefanya kazi ndani ya maji. Mikono inakwenda, sauti hazifiki. Nilipomaliza kukata, nikachukua ufito, nikaukata kwa urefu wa sanduku, nikaufunga gome la mabega, nikatoka nao mlangoni nimpelekee mchimbaji.

Nikasimama pale mlangoni. Watu wanapita na vikapu vyao. Mchimbaji mwenyewe ndiye niliyekuwa nimempima. Kisha nikarudi ndani, nikauegemeza ufito ukutani, nikaendelea na varnishi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza: vijana wa mtaa walikuwa makaburini muda ule ule wanahangaika na ardhi iliyokauka kama tofali, wanakadiria kwa macho, na kipimo kilikuwa kwangu.

La pili lilianza jioni. Wazee wa msiba waliniita wakasema, "Fundi, wewe umesoma, utuandikie wasifu wa marehemu." Nikafurahi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi, kwa sababu karatasi ni kitu cha kushika. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nimtanie Binamu naye asinijibu, nitavunjika mbele ya watu. Karatasi haivunjiki. Nikaandika Kiswahili kizuri cha shuleni. "Marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache."

Maneno machache! Binamu!

Kesho yake tukamshusha. Sanduku likateremka vizuri mpaka kwenye mabega, likakwama. Tukavuta juu, tukajaribu tena, likakwama. Mninga wangu uliokuwa unang'aa ukakwaruzwa pande zote mbili. Ikabidi tuliweke pembeni, vijana wawili waingie na sururu kupanua.

Basi kukawa kimya. Mnajua kimya cha makaburini wakati wa kiangazi, jua liko ndani ya moshi, majani yale mekundu hayatikisiki, na kinachosikika ni sururu tu. Watu wote aliowachimbia wazazi wao na watoto wao walikuwepo, wamesimama mpaka kwenye barabara. Na wote, polepole, mmoja baada ya mwingine, wakageuza macho kwangu. Hapo ndipo palikuwa mahali pa utani. Hata kama ningepanga mwenyewe nisingepata nafasi kama ile. Mchimbaji wa mji mzima amechimbiwa shimo dogo! Ningeruka mle ndani. Ningesema, mwone, maisha yake yote amesema masanduku yangu yamepinda, leo amekosa hata pa kupitisha mabega.

"Fundi," Mzee Shija alisema kwa sauti ya chini, "mwenzio anakungoja."

Shangazi yangu, mama yake Binamu, alikuwa amekaa chini karibu na rundo la udongo. Walimleta kutoka Kasekese, kijiji alikokulia Binamu. Alikuwa mzee sana tayari, masikio mazito. Aliinua uso, akanitazama mdomo. Alikuwa anausubiri ufunguke.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa karatasi. Wasifu nilikuwa nimeshausoma kanisani. Nikausoma tena. Tangu mwanzo. "Marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu." Sauti yangu ilikuwa imara kabisa, hakuna chozi, mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa alama zote. Bibi mmoja nyuma akamuuliza mwenzake, "Kwani tunamzika nani?" Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Shimo likapanuka, tukamzika. Watu wakanawa, wakaondoka bila kelele. Mama Vero aliponipa maji ya kunawa hakunitazama. Alisema tu, "Umemzika kimya, shemeji."

Siku ya kuanua matanga nilikuwa na kazi ya madirisha mahali fulani mbali. Niliitafuta hiyo kazi. Wajukuu wakamrudisha shangazi kwao Kasekese, na mimi nikarudi mjini kimya kimya nikaendelea na randa. Niliota sana wakati ule. Ndoto zenyewe hazikuwa za kutisha. Namwona Binamu amesimama mlangoni, magoti mekundu, anafungua mdomo, na mimi nasubiri tusi. Halisemi. Anasubiri na yeye.

Kisha akapita mtu muuza asali anayetokea Kasekese. Akakaa kwenye gogo, akanywa maji, akasema:

"Yule shangazi yako, fundi, bado amekalia mkeka."

"Mkeka gani?"

"Wa msiba. Wenzake wote wamemaliza, wamenyoa, wamerudi shambani. Yeye amekataa kuinuka. Anasema mwanae hajasemwa, kwa hiyo matanga hayajaisha. Kuni wanamletea majirani. Mvua hii hapa inakuja, jembe hajagusa."

Nikaendelea kupiga randa. Fundi Sadala akaja akaweka kiganja juu ya ubao, mbele ya randa yangu, ikabidi nisimame.

"Nenda," alisema.

"Nikaseme nini, fundi? Muda umepita. Kaburi liko huku, watu wako huku."

"Mama yuko kule."

"Nitalia mbele yake."

"Lia. Nani kakwambia mtani halii? Unadhani Binamu kwenye kaburi la baba yako alikuwa anacheka? Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu. Nilimwona uso kabla hajaruka."

Sikuwahi kulijua hilo. Nikakaa kwenye gogo, na muuza asali akanisogezea maji.

Nilikwenda kwa baiskeli, nikalala njiani. Msivae nguo ya buluu mkipita pori lile, mbung'o wanaipenda. Mimi nilivaa shati la buluu na walinisindikiza kama harusi. Lakini zaidi ya mbung'o nakumbuka mwanga. Majani mapya yalikuwa yamegeuka kutoka wekundu kuwa kijani cha kung'aa, na njia ilikuwa nyeupe, na nilikanyaga pedeli kama mtu aliyelala. Nilikuwa najifunza matusi kwa sauti. Nilimtukana Binamu pori zima. Kila nikifika kwenye tusi zuri nilisikia jibu lake, nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka.

Shangazi alikuwa nje, mgongo ukutani, miguu imenyooka kwenye mkeka. Nywele zake zilikuwa zimekua nyeupe kama pamba. Nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Nani?"

"Mimi Luka, shangazi."

"Umeleta karatasi?"

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nikakohoa. Nikaanza kwa sauti ndogo kusema kwamba Binamu alikuwa mlafi.

"Sisikii."

"Nasema Kasonso alikuwa mlafi!"

"Sema, baba, masikio yangu yamekufa. Mtu anayetukana hanong'oni."

Basi nikasimama. Nikasema kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

"MWANAO ALIKUWA MLAFI! Alichimba makaburi ili ale misiba! Akisikia mtu anaumwa anaanza kunoa kijiko, siyo sururu! Na mvivu! Shangazi, unajua mwanao alilala kaburini? Alimchimbia mzee mmoja, jua kali, akaona chini kuna baridi nzuri, akajinyoosha kidogo, usingizi ukampitia. Maiti ikaja, watu wanaimba. Wanafika ukingoni wanasikia kaburi linakoroma! Katekista alikuwa wa kwanza kukimbia! Akatupa kitabu! Wabeba jeneza wakaliweka chini wakamfuata katekista! Mjane peke yake ndiye aliyebaki, akachungulia, akasema, 'Kasonso, toka, hiyo nafasi ina mwenyewe!'"

Shangazi alikuwa anautazama mdomo wangu, uso haujabadilika. Nikaendelea. Nikasema miguu yake, ambayo viatu vyake ningeweza kuvitengeneza mimi kwa mbao. Nikasema alivyoimba. Nikasema shimo la mhanga. Sikuwa nachagua tena, yalikuwa yanatoka yenyewe, na machozi yalikuwa yanatoka pamoja nayo, na sikujali. Nikapiga kelele kwamba amenidanganya, aliniahidi atanizika nimesimama, sasa ameniachia vijana wasiojua kushika sururu, nani atanizika mimi, mwongo mkubwa yule.

Sikuwasikia majirani wanavyokuja. Wanaume walitokea nyuma ya nyumba na mipini ya majembe, mwingine na panga, wanahema.

"Wewe! Nani anamtukana bibi hapa?"

Shangazi akainua mkono.

"Mwacheni," alisema. "Ananitukania mwanangu."

Na akacheka. Hakuwa na meno, kicheko chake kilikuwa cha pumzi tu, kinamtikisa mabega. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akalia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akanionyesha kwa kidole wale watu kama anayewaambia, mnamwona? Wale wanaume wakatazamana. Mmoja akaweka panga chini. Akasema pole pole, kwa aibu, "Na mimi aliniibia muwa tukiwa wadogo." Mwenzake akasema, "Muwa? Mimi alinisukuma mtoni, kisha akaniokoa, kisha akadai ahsante."

"Semeni kwa nguvu," shangazi alisema.

Sijui nyie mtalichukuliaje, lakini mimi sijasema hapa kwamba nilisahihisha kosa. Utani ule ulikuwa wa Mpanda, mbele ya watu wote wale aliowainamia mashimoni kwa miaka. Walikuja wanataka kucheka kwa ajili yake, nikawasomea. Wengi wao wameshafariki, na masanduku yao nimeyatengeneza mimi, na kila moja nililipima nikiwaza, huyu naye alienda nyumbani na njaa siku ile. Hakuna skrubu ya kukaza hapo. Ninachowaambia ni kwamba ukiwa na kazi ya mdomo msibani, ifanye ukiwa unatetemeka, wakati shimo bado liko wazi.

Shangazi aliniambia nimshike mkono. Akasimama, magoti yakilia. Akauinua mkeka kwa pembe mbili, akaukung'uta mara moja, vumbi likaelea kwenye mwanga wa jioni, akaukunja.

"Sasa Kasonso amekufa," alisema.

Akaingia ndani. Tukasikia anahamisha vitu. Akatoka na jembe, akanitupia miguuni.

"Wewe si fundi? Mpini huo unacheza, na mvua haitanisubiri."

Nikaomba panga la yule jirani, nikakaa chini kuchonga kabari. Nyuma yangu walikuwa wameongezeka, wanawake na watoto na wazee waliomjua Binamu kabla hajaja mjini, wanapokezana kumtukana kwa sauti kubwa ili mama yake asikie, na mimi nilichonga taratibu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mengi waliyokuwa wanayasema nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.